Swali la Daktari Lenz
Mtoto akizaliwa na mikono mifupi, sisi waumini huwahi kunong'ona habari za dhambi ya wazazi, kama wanafunzi walivyomwuliza Yesu katika Yohana 9. Mwaka 1961, daktari Widukind Lenz wa Hamburg aliuliza swali jingine. Aliwafuata akina mama mmoja mmoja, wengi wakijilaumu, akataka kujua walikuwa wamemeza nini. Jibu likawa thalidomide, dawa ya usingizi iliyouzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 ikitangazwa kuwa salama hata kwa wajawazito. Novemba hiyo aliionya kampuni, na kabla mwezi haujaisha dawa ikaondolewa sokoni. Watoto wapatao 10,000 duniani walikwisha kudhurika. Huko Marekani, Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa wa serikali, alikuwa ameinyima kibali tangu 1960. Kampuni ilimbana, naye (tumshukuru Mungu kwa ukaidi wa namna hiyo) akazidi kudai ushahidi.