Utapeli wa Nyumba za Kupanga

Utapeli wa nyumba za kupanga ni udanganyifu ambao mtu asiye na milki wala idhini hujidai kuwa mwenye nyumba au dalali wake, akapokea kodi, amana au ada ya kuonyesha nyumba, kisha akatoweka. Nchini Kenya umestawi zaidi mijini, ila madhara yake huweza kuwafikia hata watu wa Kola, katika Kaunti ya Machakos, kwenye barabara iendayo Wote, wanaohamia Machakos mjini au Nairobi kwa ajili ya kazi na elimu, wakalazimika kuafikiana kwa simu na watu wasiowajua.

Dalili zake ni bayana: kodi iliyo chini mno ya ile ya mtaa, haraka isiyo na sababu, na sharti la kutuma fedha kwa M-Pesa kabla mpangaji hajaikanyaga nyumba. Hila iliyo mbaya kupita zote, kwani hata mwangalifu hunaswa nayo, ni ya mpangaji anayekaribia kuhama, mwenye funguo halali mkononi, kuikodisha nyumba ileile kwa watu kadhaa. Kinga ni kuwauliza majirani, kuhakikisha jina la mmiliki katika masjala ya ardhi, na kudai mkataba na stakabadhi.

Kujipatia mali kwa utapeli huo ni jinai chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake hufika miaka 3 gerezani.