Jinsi ya kutambua temba anayekaribia kutaga

Siku ya mnada ikifika, mfugaji mwenye temba wachache hujiuliza: niwauze leo nipate fedha ya daftari za watoto, au nivumilie? Akimuuza temba aliyebakiza wiki mbili tu aanze kutaga, faida ya miezi yote aliyomlisha inakwenda kwa mnunuzi. Akimweka temba ambaye bado sana, anazidi kutumia chakula bila kupata yai. Unaweza kupata jibu kwa macho na vidole vyako, bila kifaa chochote.

Usihesabu miezi peke yake

Temba ni kuku jike aliyekua lakini hajataga bado. Akianza kutaga huitwa mtetea. Kuku wa kisasa wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Chotara wengi huanza kati ya miezi mitano na sita. Kuku wa asili huchukua miezi sita hadi minane.

Umri huo hubadilika kulingana na matunzo. Maeneo ya juu kama Rhotia, Oldeani na ukingo wa kreta ya Ngorongoro huwa na baridi kali mwezi Juni na Julai, na kuku hutumia sehemu ya chakula kupasha mwili joto. Huko Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, joto huwafanya kuku wale kidogo na kuhitaji maji mengi. Minyoo na utitiri pia huchelewesha yai la kwanza. Kwa hiyo angalia dalili za mwili na tabia.

Dalili za kuangalia

1. Kilemba na ndevu. Kilemba cha kichwani na ndevu za chini ya mdomo huongezeka ukubwa, huwa vyekundu na kung'aa. Temba ambaye bado huwa na kilemba kidogo kilichopauka. Lakini kuku mgonjwa au mwenye minyoo naye hupauka, hivyo usiishie hapa.

2. Kuchuchumaa. Ukimsogelea au kumgusa mgongoni, huinama na kufungua mabawa kidogo, kama anavyofanya jogoo akimpanda. Mara nyingi yai huwa limebakiza wiki moja au mbili.

3. Kutafuta kiota. Huingia pembeni, chini ya kitanda au kwenye gunia, huparua, hukaa kidogo na kutoka. Pia hulialia zaidi ya kawaida.

4. Kula zaidi. Hamu ya chakula huongezeka, na huanza kudonoa maganda ya mayai na vipande vya chokaa.

5. Mifupa ya nyonga. Hiki ndicho kipimo cha uhakika zaidi. Mshike jioni akiwa ametulia. Chini ya mkia, pande mbili za tundu la kutagia, utagusa ncha za mifupa miwili. Pima nafasi iliyo kati yake kwa vidole. Kikiingia kidole kimoja tu, bado. Vikiingia viwili, yuko karibu au ameanza. Vikiingia vitatu, anataga.

6. Tundu la kutagia. La temba ambaye bado ni dogo, la mviringo na kavu. Anapokaribia kutaga hupanuka, hulainika na kuwa na unyevu.

Ukiona dalili tatu au zaidi kwa pamoja, usimuuze wala usimchinje.

Ukinunua mnadani

Muuzaji akikwambia "huyu kesho anataga", omba kumshika. Pima nyonga na uangalie miguu. Temba ana magamba laini yaliyolala vizuri. Magamba magumu yaliyoinuka ni alama ya kuku mzee, hata kama ameitwa temba.

Andaa mapema

Weka viota kabla ya yai la kwanza, kwa sababu kuku akizoea kutaga kwenye kahawa au mahindi, mayai yataliwa na nguchiro. Kiota kimoja kinatosha kuku wanne au watano. Kiwe na upana wa sentimita 30 kila upande, mahali penye kivuli na utulivu. Tandika mabua makavu ya ngano au nyasi. Weka jiwe jeupe lenye umbo la yai ili kuwaonyesha mahali.

Dalili zikionekana, badilisha chakula cha kukuzia uwape cha kutagia. Usibadilishe miezi mingi kabla, kwani chokaa nyingi huumiza figo za kuku wachanga. Wanaojitafutia waongezee maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa. Maji safi yawepo siku nzima.

Hakikisha wamechanjwa kideri. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu. Jipangeni na majirani, kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi. Muulize afisa mifugo wa kata yako.

Mayai ya kwanza huwa madogo, na mengine huwa na ganda laini. Yale au uyauze, lakini usiyaatamishe. Subiri yafikie ukubwa wa kawaida.

Kuku wa asili mwenye afya hutaga mayai 12 hadi 15 kwa mzunguko mmoja, mara tatu au nne kwa mwaka. Kabla hujampeleka temba mnadani, mshike kwanza na umpime.