Nani Aamue Kukata Mbuni?

Kabla haijawa zao la soko, kahawa ya Karagwe na Buhaya ilikuwa ya kutafuna. Matunda yalichemshwa, yakakaushwa, yakawekwa mbele ya mgeni. Ndiyo akamwani tunayoijua hadi leo. Kupanda mbuni kulisimamiwa na watawala. Kwa hiyo swali la nani mwenye kauli juu ya mbuni lilikuwepo zamani.

Mwaka 1937 lilirudi kwa kishindo. Serikali ya Waingereza ilitaka kanuni za kutunza mibuni zifuatwe kwa amri, na ghasia zikazuka Bukoba. Ni rahisi kusema wakulima walikataa utaalamu. Mimi ninayesoma historia, na ambaye kwetu ni Kimuli, sikubali haraka hivyo.

Tazama kazi yenyewe. Robusta ikizeeka, shina hurefuka na matunda huhamia juu, mkono usikofika. Dawa ni kukata shina kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame, kisha kuacha maotea mawili au matatu yenye nguvu. Hukatwa mavuno yakiisha, kabla ya mvua za vuli. Mbuni hufufuka, lakini kwa misimu kama miwili hauna cha kuchuma. Afisa aliyeamuru utunzaji hakupungukiwa na kitu. Karo na kodi vilibaki kwa mwenye kibanja.

Halafu panga lenyewe likageuka hatari. Mwaka 1997 mnyauko fuzari wa kahawa ulithibitishwa Kagera. Vimelea vyake huingia kupitia majeraha ya mti, na panga lililogusa mbuni mgonjwa huweza kuupeleka ugonjwa kwa mzima. Mbuni ulioshikwa haufufuki kwa kukatwa. Hung'olewa na kuchomwa. Hapo ushauri wa kukata mibuni yote ya zamani ukahitaji tahadhari mpya.

Bibi yangu, kibanjani kwake Kimuli, hukata robo ya mibuni kwa mwaka, na hupitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Robo tatu inayobaki humlipia mahitaji. Wataalamu nao hushauri kukata kwa awamu. Nadhani hilo ndilo lililokosekana mwaka 1937: hesabu ya kukata iliyoanzia kwenye mahitaji ya mwenye shamba.