Tshibumba Kanda Matulu: Historia Iliyochorwa, Historia Iliyosemwa

Miongoni mwa wasanii waliotoka katika jiji la Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu anastahili kukumbukwa kwa namna ya pekee. Alizaliwa mwaka 1947, wakati jiji hilo lilipokuwa likiitwa Elisabethville. Uchoraji alijifundisha mwenyewe. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakusikika tena, na hatima yake haikufahamika. Aliacha picha nyingi, na hasa mfululizo wa picha 101 zinazosimulia historia ya nchi yake tangu enzi za mababu hadi wakati wake. Wengi wamemsifu kama mchoraji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi yake ilikuwa jaribio la aina mpya, ambalo nusu yake imo katika rangi na nusu nyingine imo katika Kiswahili. Na kwamba asiyeisoma nusu hiyo ya pili hajaisoma kazi yake.

Jaribio hilo halikutokea patupu. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha Elisabethville karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar, akaiongoza hadi alipofariki mwaka 1954. Humo walikua wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, ambao samaki wao, ndege wao na wawindaji wao walipendwa sana na wanunuzi wa Kizungu. Baada ya uhuru lilizuka kundi jingine la wachoraji, ambao hawakupita katika karakana hiyo. Hao walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, wakawauzia watu wa jiji lenyewe, waliozitundika picha hizo katika vyumba vyao vya kupokelea wageni. Mada zao zilijulikana na kila mtu: Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, kijiji cha zamani, na ile iliyoitwa Colonie belge, inayoonyesha mfungwa akichapwa fimbo mbele ya afisa wa kikoloni.

Picha za namna hiyo ziliitwa ukumbusho. Neno hilo linafaa kuchunguzwa, kwa kuwa lina fikra nzima ndani yake. Halikutokana moja kwa moja na kitenzi kumbuka, bali na kumbusha, yaani kumfanya mwingine akumbuke. Kumbukumbu ni kile mtu anachokihifadhi moyoni; ukumbusho ni kitu kinachomtendea mtu kazi, kinachomwamsha. Mwenye nyumba aliyeitundika Colonie belge ukutani hakuitundika kwa sababu ya uzuri wa fimbo. Aliitundika ili mgeni aulize, watoto wasikilize, na mazungumzo yaanze. Picha bila mazungumzo ilikuwa ukumbusho uliokatwa ulimi.

Tshibumba alilielewa jambo hilo kuliko wenzake, akalipeleka mbali. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia mwenye asili ya Ujerumani, aliyekuwa akifundisha katika kampasi ya Lubumbashi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Kwa kuwa alimpata mtu aliye tayari kuzipokea picha zote na kusikiliza maelezo yake, Tshibumba aliamua kutekeleza fikra aliyokuwa nayo: badala ya kuuza ukumbusho mmoja mmoja, aliziunganisha picha ziwe historia moja yenye mwanzo na mwendo. Hadi mwishoni mwa mwaka 1974 alizileta kwa mafungu, akazipanga, akasimulia kila moja mbele ya kinasa sauti, kisha akajibu maswali. Humo wamo Msiri na Bodson, wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi mwaka 1941, Lumumba, kujitenga kwa Katanga, na utawala wa Mobutu. Yeye mwenyewe hakutaka aitwe mchoraji tu. Alijihesabu kuwa mwanahistoria.

Madai hayo yaliwashangaza wengi, kwa sababu mwanahistoria wa chuo kikuu hupima kazi kwa usahihi wa tarehe na ushahidi wa nyaraka. Ni kweli kwamba katika picha zake yamo mambo yasiyolingana na nyaraka. Mfano mzuri ni picha ya sherehe ya uhuru, aliyoiandikia kwa Kifaransa kwamba tarehe 30 Juni 1960 Zaire inakuwa huru. Mwaka huo nchi iliitwa Kongo. Jina la Zaire lilikuja mwaka 1971. Je, hili ni kosa? Kwa mizani ya nyaraka, ndiyo. Lakini kwa mizani ya ukumbusho, maneno hayo yanadhihirisha mahali aliposimama msimulizi: anayaita yaliyopita kutoka wakati wake, naye hafichi jambo hilo. Vivyo hivyo, katika picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961 si mbali na Elisabethville, alichora misalaba mitatu kwa nyuma na jeraha ubavuni mwa Lumumba. Hakuna shahidi aliyeiona misalaba hiyo. Tshibumba hakuwa akitoa ushahidi wa macho. Alikuwa akitoa hukumu juu ya maana ya kifo kile.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Maandishi yaliyomo ndani ya picha ni ya Kifaransa, lugha ya shule na ya serikali. Maandishi hayo ni mafupi, nayo hutaja jina, mahali na tarehe. Maelezo, mashaka, mizaha na hoja vilisemwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Kifaransa kilitoa anwani, Kiswahili kilifikiri. Kazi hiyo haikuwa ya kwanza ya namna yake katika jiji hilo: mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hichohicho historia ya Elisabethville, akiwaeleza wafanyakazi wa nyumbani na waajiri wao. Hata hivyo wapo bado wanaokiita Kiswahili hicho lugha iliyovunjika, isiyostahili kuingia darasani kwa kuwa haifuati sarufi sanifu. Kazi ya Tshibumba inatoa jibu: lugha iliyoweza kubeba karne kadhaa za historia, na kujadili nini maana ya historia yenyewe, haiwezi kuitwa pungufu.

Urithi wake umesafiri mbali. Mfululizo wa picha uko Amsterdam, katika makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum, ambayo tangu mwaka 2023 yanaitwa Wereldmuseum. Mwaka 1996 Fabian alizichapisha picha hizo pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya masimulizi, katika kitabu Remembering the Present. Na mwaka 1999 picha zake za Lumumba zilionyeshwa New York. Maandishi ya Kiswahili ya mazungumzo yale yamewekwa kwenye intaneti, na yeyote anaweza kuyasoma. Kwa hiyo picha ziko ughaibuni, lakini lugha iliyozifanya ziseme ingali inasemwa kila siku sokoni na majumbani Lubumbashi. Msomaji wa Amsterdam au New York anaitazama picha na kuhitaji mkalimani. Mwanafunzi wa Lubumbashi hamhitaji. Kuyafundisha masimulizi hayo kama matini ya historia na ya fasihi, kwa Kiswahili chake yenyewe, ndiyo heshima ambayo Tshibumba Kanda Matulu bado anaidai, na wanaoweza kumlipa kwanza ni wale wanaoisema lugha yake.