Ngoma Iliyopita Tabora Ikafika Roma



Njia ya zamani ya misafara iliyopita hapa Tabora hukumbukwa kwa pembe za ndovu na kwa machozi ya watumwa, wala si haki kuyasahau hayo. Juma hili tutafakari kitu kingine kilichopita humo, nacho ni wimbo. Msafara wa Wanyamwezi haukwenda kimya. Kirangozi alitangulia, ngoma ikilia; yeye alianzisha wimbo, na wapagazi, mizigo ikiwa mabegani, wakaitikia. Hivyo ndivyo walivyoumaliza mwendo wa miezi.

Mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie, walitoka Bagamoyo na msafara wa namna hiyo. Walipofika Tabora waligawanyika: wengine wakaelekea Ziwa Tanganyika, wengine Nyanza. Padre Lourdel na Bruda Amans waliingia Buganda Februari 1879. Kati ya mwaka 1885 na 1887, wakati wa Kabaka Mwanga, Wakatoliki 22 waliuawa huko kwa ajili ya imani.

Lakini imani ilipoota mizizi, ngoma iliyowasindikiza wahubiri iliachwa nje ya mlango wa kanisa mahali pengi. Ilihesabiwa kuwa ya kipagani. Mwamini akaanza kudhani kwamba Mungu hapendezwi na sauti ya nyumbani kwake.

Joseph Kyagambiddwa, Mganda Mkatoliki, mtunzi na mwanazuoni wa muziki, hakukubali hivyo. Mwaka 1955 kitabu chake juu ya muziki wa Buganda kilichapishwa New York. Nyimbo zilizorithiwa kwa sikio tu alizitia katika maandishi, zikiwemo za amadinda, marimba ya vipande 12 vya mbao. Chombo hicho hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakikabiliana, kila mmoja akipiga katika nafasi anayoiacha mwenzake. Wa tatu huudaka wimbo unaozaliwa kati yao. Hakuna hata mmoja anayeupiga wimbo wote peke yake.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia, uliagiza kwamba muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu. Mwaka huohuo oratorio ya Kyagambiddwa juu ya mashahidi hao, yaani masimulizi marefu yaimbwayo bila kuigizwa, ilisikika Roma. Imani iliyopandishwa bara kwa ngoma za wapagazi ilirudi ng'ambo ikiwa na sauti ya Kiafrika, wala haikuwa mgeni wa kuonewa haya.

Wapendwa, tuangalie kwaya zetu. Mara nyingi kiongozi husifiwa kwa kusikika yeye, na waamini hukaa kama watazamaji. Kirangozi aliyeimba peke yake hakuufikisha msafara popote. Na mpiga amadinda asiyemwachia mwenzake nafasi huharibu wimbo. Jumapili hii, kiitikio kinapoanzishwa, kila mmoja wetu aitikie. Nafasi yake iko wazi, na hakuna mwingine awezaye kuijaza.

Mungu awabariki nyote.