Losi na Mtungi wa Maji

Binti wa dada yangu alisomea kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma. Aliponisimulia usaili wake wa kwanza tulikuwa ndani ya basi la kwenda Mpwapwa, magoti yetu yamebanwa na gunia la karanga. Vijana wa kiume waliotoka kabla yake walimwambia wameulizwa kuhusu hifadhidata na usalama wa mtandao. Zamu yake ilipofika, akaulizwa ataolewa lini.

"Nikamweleza mkubwa mmoja pale," akasema. "Akaniambia hicho ni kisa tu, na kisa si ushahidi. Wewe unaonaje, Mjomba?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwomba anisindikize nikaifuate njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Mpwapwa, ikakatiza nyika ya Marenga Mkali kuingia Ugogo, kisha ikauvuka Mgunda Mkali hadi Unyanyembe. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, Stanley mwaka 1871.   

Chunyu tuliteremka. Jina lenyewe, lenye maana ya chumvichumvi, ni onyo kwa mwenye kiu. Kuanzia hapa wapagazi walikazana kuimaliza Marenga Mkali kabla vibuyu havijakauka. Mzigo wa kila mmoja ulijulikana uzito, karibu frasila mbili, na ujira wake uliandikwa. Wanawake waliotembea kando yao, wake za Wanyamwezi na wengine, wakibeba vyungu, chakula, mikeka na watoto, hawakuwa na safu yao kwenye daftari. Kwa hesabu ya karani, hawakupita.

Basi tunajuaje walipita? Kwa visa. Mwanahistoria Stephen Rockel aliviokota kimoja kimoja kwenye maandishi ya wasafiri na wamisionari, na mwaka 2000 akachapisha makala iliyoonyesha kuwa wanawake walikuwa washirika wa kazi ile ya misafara. Kinachonishawishi mimi ni namna visa hivyo vilivyoandikwa. Waandishi hawakufahamiana wote, miaka yao ni tofauti, na hakuna aliyekaa chini kumtetea mwanamke. Mzungu anayenung'unika juu ya wanawake wa msafara wake ametoa ushahidi bila kukusudia.

Kisa ninachokikumbuka kuliko vyote ni cha Losi. Mwaka 1873 msafara wa Susi na Chuma, watumishi wa msafiri Livingstone, ulikuwa ukiupeleka mwili wa bwana wao pwani. Baada ya kuiacha Unyanyembe, mtoto wa kike wa miaka kama kumi alikuwa akitembea njiani na mtungi wa maji kichwani. Nyoka mkubwa akamrukia, akamuuma pajani. Hata dakika kumi hazikuisha, mtoto akafa. Habari hiyo imo katika shajara za mwisho za Livingstone zilizochapishwa mwaka 1874, kwa sababu Susi na Chuma walimsimulia mhariri. Fikiri: nyoka yule asingekuwepo, Losi angefika Bagamoyo salama na tusingejua kamwe kwamba maji ya msafara ule yalibebwa pia na mtoto wa miaka kumi.

Miaka kumi na kidogo baadaye Annie Hore, mke wa mmisionari Mwingereza, alifikishwa Ziwa Tanganyika juu ya kiti kilichobebwa na wapagazi, pamoja na mwanawe mdogo. Mwaka 1886 kikatoka kitabu chake, na kiti kimo kwenye jina la kitabu. Safari moja ya mama mmoja ikawatosha wasomaji wa London kuamini kwamba mwanamke anaweza kufika ziwani. Wanyamwezi wa kike waliokuwa wakiipita njia hiyo kwa miguu miaka yote, nani aliwauliza?

"Kwa hiyo yule mkubwa amekosea," binti akasema.

Nusu. Kisa kimoja hakisemi ni wangapi wameulizwa hivyo. Pengine msaili yule ni mpumbavu peke yake. Kupima kuna njia zake. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwapa wahadhiri 127 wa sayansi wasifu uleule wa mwombaji kazi, nusu ukiwa na jina John, nusu Jennifer. Jennifer akaonekana ana uwezo mdogo kuliko John na akapangiwa mshahara mdogo zaidi. Lakini kisa kinaweza kulazimisha kipimo. Februari 2017 Susan Fowler aliandika yaliyompata katika kampuni ya Uber akiwa mhandisi. Uchunguzi ukafanywa, malalamiko 215 yakapitiwa, na kufikia Juni zaidi ya watu 20 wamefukuzwa.

Tulirudi Dodoma jua limeshazama. Stendi akanunua kaunta buku, akaipiga mistari kwa ukingo wa kitambulisho chake: tarehe, nafasi iliyotangazwa, waliofika wanaume, waliofika wanawake, swali. Akajaza mstari wa kwanza. Kisha akatoa simu, akampigia mwenzake wa darasani.

"Eti, na wewe walikuuliza nini?"