Jifunze Kiingereza kwa kikundi kupitia vitabu vya picha

Ikiwa ulisoma Kongo au Burundi, huenda ulifundishwa kwa Kifaransa. Hapa Uganda mitihani ya watoto wako ni ya Kiingereza. Watu wazima wengi wanajifunza, lakini wanaona haya kuongea. Kitabu cha picha kinasaidia, kwa sababu picha unaielewa hata kabla ya kujua neno lake.

Jinsi ya kufanya

1. Kaeni watu watano au sita, kitabu kikiwa katikati.
2. Funikeni maandishi. Kila mtu aseme anachoona, hata neno moja. Akikwama, aseme kwa Kiswahili na wenzake wamsaidie.
3. Fungueni maandishi, mmoja asome kwa sauti.
4. Ulizaneni: Ni nani huyu? Anafanya nini? Kwa nini? Swali la mwisho ndilo linaloleta mazungumzo.
5. Mtu akikosea, msimcheke wala kumkatiza. Msahihisheni akimaliza.

Mkikuta picha ya mtoto mgonjwa, igizeni: mmoja awe mzazi, mwingine daktari. Maneno hayo utayahitaji siku moja.

Tahadhari

Picha ya moto au ya askari inaweza kumrudishia mtu mambo aliyopitia. Msimlazimishe kuongea. Rukeni ukurasa huo.

Wapi kupata vitabu

African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, hutoa vitabu bure kwenye intaneti. Hadithi nyingi zipo kwa Kiingereza na Kiswahili, hivyo unaweza kulinganisha.